Dirisha limebaki jeupe: kutatua matatizo ya programu za kompyuta zinazobeba injini ya HTML

Mteja wa Kibaigwa akipiga simu katikati ya msimu wa mahindi na kusema, "Fundi, programu imekufa," jambo la kwanza ni kumzuia asiifute. Programu iliyotengenezwa kwa Electron (mfumo wa kuunda programu za kompyuta kwa HTML na JavaScript) ina pande mbili. Upande mkuu unatumia Node.js (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari): ndio unaofungua madirisha, kusoma faili, na kuzungumza na printa na hifadhidata. Upande wa ukurasa ni injini ya Chromium inayochora HTML ndani ya dirisha. Upande wa ukurasa ukiumwa, mteja anaona weupe mtupu, lakini rekodi za magunia yake ziko palepale kwenye diski. Hasara huanza pale anapofuta folda asizozijua ili "kuanza upya".

Kwa hiyo kila dalili iliyo hapa chini inataka ujue kwanza upande gani unaumwa. Maelezo yanahusu Electron kwenye Windows. WebView2, injini ya Microsoft ya kuchora HTML ndani ya programu, imeguswa pale inapohusika.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager. Jina la programu likionekana zaidi ya mara moja, usishtuke: kila upande una mchakato wake. Likionekana lakini dirisha halipo, nenda kwenye dalili ya tatu. Lisipoonekana kabisa, upande mkuu umeanguka wakati wa kuwaka.

Kisha fungua cmd (dirisha la amri la Windows), buruta faili la .exe ndani yake, ongeza nafasi na neno `--enable-logging`, halafu bonyeza Enter. Makosa ya upande mkuu yatajiandika hapo. Makosa ya upande wa ukurasa yako kwenye konsoli, inayofunguka kwa Ctrl+Shift+I. Ukiwa umeondoa menyu kwa `Menu.setApplicationMenu(null)`, vitufe hivyo havitafanya kazi, kwa sababu vinatokana na menyu ya kawaida. Acha mlango wa siri kwenye msimbo wako, kwa mfano programu ikiwashwa na neno `--fundi` iite `win.webContents.openDevTools()`. Utaokoa nauli nyingi za kwenda Kongwa na kurudi.

1. Dirisha linafunguka, ndani ni jeupe

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Sababu zake, kuanzia ile ya kila siku:

1. *Njia za faili zinaanza na mkwaju (/).* Ukurasa uliojengwa kwa Vite (zana ya kufunga msimbo wa ukurasa) huita `/assets/...`. Kwenye seva hiyo ni sawa. Ndani ya `file://` mkwaju wa mwanzo unamaanisha mzizi wa diski, na konsoli itaonyesha kuwa injini inatafuta `file:///C:/assets/`. Weka `base: './'` kwenye mipangilio ya Vite, ujenge upya.
2. *Njia za kurasa ni za kivinjari.* Kama unatumia React (maktaba ya kuchora kurasa) na `BrowserRouter`, anwani ya faili haitalingana na njia yoyote uliyoandika, na ukurasa hauchori kitu. Konsoli inaweza isionyeshe kosa la kutisha. Tumia `HashRouter`.
3. *Bado inatafuta seva ya majaribio.* Msimbo unaita `http://localhost:5173`, ambayo ipo kwenye kompyuta yako tu. Kosa ni -102. Tenganisha kwa `app.isPackaged`: ikiwa kweli, tumia `loadFile`.
4. *Folda ya ukurasa haikuingia kwenye kifurushi.* Kosa ni -6. Angalia orodha ya `files` ya electron-builder (zana ya kutengeneza kifurushi) kama `dist` imo.
5. *Maktaba zinatoka mtandaoni.* Bootstrap, fonti na ikoni zinaitwa kutoka nje, na bando likiisha ukurasa unabaki uchi, au hauwaki kabisa kama ni React yenyewe uliyoiita hivyo. Programu itakayotumika ghalani Chemba au Mpwapwa ibebe kila kitu ndani yake. Jaribu kwa kuzima Wi-Fi na kufuta folda ya `Cache` kabla ya kuikabidhi, la sivyo akiba ya zamani itakudanganya.

Ili usikisie, sikiliza tukio la `did-fail-load` kwenye `webContents` na uandike namba ya kosa kwenye faili la kumbukumbu. Namba -105 ni jina la seva kutopatikana, -106 ni mtandao kukatika, -201 ni cheti kuonekana kimepitwa na muda. Hii ya mwisho inastahili neno zaidi. Kompyuta za mezani za zamani zina betri ya kidonge ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa ya mashine inarudi miaka ya nyuma, na vyeti vya HTTPS vinakataliwa. Utahangaika na seva siku nzima na tatizo ni tarehe pale kwenye kona ya skrini. Badilisha betri, rekebisha saa, kisha kagua risiti zilizotoka siku hizo, maana nazo zitakuwa na tarehe ya uongo.

Weupe ukidumu sekunde moja au mbili tu kabla ukurasa haujatokea, hakuna kilichoharibika. Fungua dirisha kwa `show: false`, ulionyeshe kwenye tukio la `ready-to-show`, na uweke `backgroundColor` inayofanana na rangi ya ukurasa wako.

2. Ukurasa unaonekana, vitufe havifanyi kitu

Konsoli ikisema `require is not defined`, umenakili somo la zamani. Tangu Electron 5, ukurasa haupewi Node.js mpaka uombe. Tangu toleo la 12, `contextIsolation` (kinachotenga msimbo wa ukurasa na ule wa preload) huwa imewashwa. Na tangu la 20, upande wa ukurasa hufungiwa kwenye sandbox, yaani chumba kisichogusa mfumo moja kwa moja. Dawa inayotembea sana ni kuwasha `nodeIntegration` na kuzima vingine vyote. Usiifanye. Ukurasa ukipakia hati moja mbaya kutoka nje, hati hiyo itakuwa na uwezo wa kufuta faili za mteja.

Njia sahihi ni faili la preload, linalopakiwa kabla ya ukurasa: tumia `contextBridge.exposeInMainWorld` kutoa kazi chache zenye majina ya wazi, kama `hifadhiMzigo` na `chapaRisiti`, ziite `ipcRenderer.invoke`, na upande mkuu uzijibu kwa `ipcMain.handle`. Kama kazi zenyewe hazionekani kwenye ukurasa, kagua kwanza njia ya preload (iwe kamili, kwa `path.join(__dirname, ...)`), kisha angalia kama preload inaita faili zako nyingine kwa `require`. Ndani ya sandbox hilo halikubaliki, kwa hiyo zifunge zote ziwe faili moja.

Kosa likiwa `Object has been destroyed`, upande mkuu unalitumia dirisha lililokwisha kufungwa, mara nyingi kupitia kipima muda kilichosahaulika. Uliza `win.isDestroyed()` kwanza, na usimamishe kipima muda kwenye tukio la `closed`.

3. Programu inawaka, dirisha halionekani

Sababu ya kwanza ni projekta. Ofisa wa Mtumba alifungua programu kwenye ukumbi wa mikutano, akaliburuta dirisha hadi kwenye skrini ya pili, akafunga. Programu ikakumbuka mahali pale. Kesho yake mezani kwake skrini ya pili haipo, na dirisha linafunguka gizani.

Nafuu ya papo hapo: bofya ikoni ya programu kwenye upau wa chini, kisha Win+Shift+mshale wa kushoto. Ikigoma, Alt+Space, kisha M, kisha bonyeza mshale wowote mara moja na usogeze kipanya, dirisha litakifuata.

Tiba ya kudumu iko kwenye msimbo. Hifadhi vipimo kwa `getNormalBounds()` badala ya `getBounds()`, ili usihifadhi vya dirisha lililopunguzwa. Ukiwaka, pitia `screen.getAllDisplays()` na uone kama mahali palipohifadhiwa panagusana na `workArea` ya skrini yoyote. Pasipogusana, weka dirisha katikati ya skrini kuu. Moduli ya `screen` haitumiki kabla tukio la `ready` la programu.

Sababu ya pili: dirisha lilifunguliwa kwa `show: false` na ukurasa umekwama kupakia. Weka kipima muda cha sekunde 10 kitakachoita `win.show()` kwa vyovyote. Afadhali mteja aone dirisha lenye kosa kuliko asione kitu.

Sababu ya tatu: mtu amebofya ikoni mara nne kwa kukosa subira, na nakala nne zinagombania folda moja ya data. Tumia `app.requestSingleInstanceLock()`. Ikirudisha `false`, nakala hiyo ijifunge. Nakala ya kwanza, kwenye `second-instance`, irudishe dirisha kwa `restore()` na `focus()`.

4. Kitufe cha "Hifadhi" hakionekani, chini kumekatwa

Watengenezaji wengi hudharau dalili hii kwa sababu kwenye mashine zao haitokei. Chukua laptop ya kawaida ya dukani yenye skrini ya 1366 × 768. Windows ikiwa imewekwa ukuzaji wa 125%, injini haihesabu tena pikseli hizo. Gawanya kwa 1.25: unabaki na takribani 1092 × 614. Toa 40 za upau wa chini, zinabaki kama 574. Toa kichwa cha dirisha na menyu, nawe uliandika `height: 800`. Kitufe kiko chini ya ukingo wa meza, na karani wa ghala amejaza fomu nzima ya alizeti hana pa kubofya.

Mwambie mteja abonyeze Ctrl na alama ya kutoa ili ukurasa upungue. Ctrl+0 huurudisha kawaida. Hapohapo uliza kama herufi zilianza kuwa kubwa ghafla. Kama ndivyo, mtu aligusa Ctrl na kujumlisha bila kujua, na Ctrl+0 peke yake inamaliza kazi.

Kwenye msimbo, pata `screen.getPrimaryDisplay().workAreaSize` na uchukue kidogo kati ya kipimo unachotaka na kilichopo: `Math.min(800, workAreaSize.height)`. Kumbuka `width` na `height` zinajumuisha fremu, isipokuwa umeweka `useContentSize: true`. Upande wa CSS, eneo la fomu liweze kusogezwa, na safu ya vitufe ipewe `position: sticky; bottom: 0`. Halafu weka mashine yako mwenyewe kwenye 125% na 150% uone aibu kabla mteja hajaiona.

5. Dirisha jeusi, linamemeteka, au maandishi yanaacha vivuli

Karibu kila mara ni draiva ya zamani ya kadi ya picha. Thibitisha kwa kuwasha programu na `--disable-gpu`. Ikitulia, sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptop. Isiposasishika, ita `app.disableHardwareAcceleration()` kabla ya `ready`. Fanya iwe chaguo kwenye mipangilio, usiwalazimishe wateja wote.

Weusi ukitokea pia kwenye programu nyingine, au mistari ikionekana mashine inapowaka kabla ya Windows, acha msimbo. Hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa: skrini, waya wake, au joto. Kwa vumbi la Dodoma la kiangazi, feni iliyojaa uchafu ni jambo la kawaida, na mashine yenye joto kali hujipunguza kasi yenyewe.

6. Ikifungwa haifungiki, au inafungwa ikabaki nyuma

Kama alama ya X haifanyi kitu, tafuta `beforeunload` kwenye ukurasa. Kivinjari cha kawaida kingeuliza "unataka kuondoka?", Electron haiulizi, inazuia kimyakimya. Sikiliza `will-prevent-unload` na uonyeshe kisanduku cha kuuliza mwenyewe kwa `dialog`.

Kama dirisha linafungwa lakini mchakato unabaki, ama hukuita `app.quit()` kwenye `window-all-closed`, ama kuna dirisha lililofichwa (la kuchapa risiti, kwa kawaida) ambalo hakuna aliyelifunga.

7. Inazidi kuwa nzito, mwisho inageuka nyeupe jioni

Asubuhi nyepesi, jioni nzito: hiyo ni RAM. Sikiliza `render-process-gone` na usome `reason`. Ikiwa `oom`, ukurasa umekosa kumbukumbu. Kwenye mashine ya GB 4, kagua kwanza idadi ya madirisha, kwa sababu kila moja hubeba mchakato wake. Kisha kagua jedwali linalochora safu zote za mwaka mzima kwa mkupuo. Onyesha 50 kwa ukurasa. Kisha wasikilizaji wa IPC (mawasiliano kati ya zile pande mbili) wanaoongezwa kila ukurasa unapofunguka bila kuondolewa.

Ukurasa ukianguka, unaweza kuita `reload()` mara moja. Ukianguka tena, simama na uonyeshe ujumbe. Kurudia bila kikomo kutaigandisha mashine nzima.

Lalamiko la jirani: saa au mzani kwenye ukurasa unachelewa dirisha likipunguzwa. Injini hupunguza kasi ya vipima muda vya dirisha lisiloonekana. Hamishia kazi hiyo upande mkuu, au weka `backgroundThrottling: false`.

8. Risiti inatoka tupu au ndogo

Tupu: umeita `print()` kabla ya `did-finish-load`. Ndogo au iliyohamia pembeni: ukubwa wa karatasi haukutajwa. Kwenye `webContents.print`, `pageSize` hupimwa kwa mikroni, kwa hiyo roli ya milimita 80 ni `width: 80000`, ya 58 ni `58000`. Weka `marginType: 'none'`, na upana wa maandishi usizidi milimita 72 kwa roli ya 80, au 48 kwa roli ya 58. Kwa `silent: true`, `deviceName` lazima ifanane herufi kwa herufi na jina linalotoka kwa `getPrintersAsync()`.

Karatasi hiyo haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Na mashine ya EFD ikigoma, usiifungue hata kama una bisibisi mkononi: ina lakiri, mwite wakala aliyeidhinishwa na TRA.

9. Kwako inawaka, kwa mteja haiwaki kabisa

Uliza toleo la Windows kabla ya swali lingine lolote. Electron 22 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, 8 na 8.1. Mashine za aina hiyo bado ziko kwenye maduka, na kubaki na Electron 22 kunamaanisha Chromium isiyopata viraka vya usalama, kwa hiyo isifungue kurasa za nje. Pili, angalia kama Windows ni ya biti 32. Utahitaji kifurushi cha `ia32`. Tatu, cmd ikitaja `NODE_MODULE_VERSION`, moduli kama better-sqlite3 ilijengwa kwa Node.js nyingine: endesha `npx electron-rebuild` na ufunge upya.

Kwa WebView2, Windows 11 inakuja nayo. Windows 10 inaweza kuikosa. Kisakinishi kidogo hupakua kilichobaki mtandaoni, kwa hiyo kwenye flashi ya kupeleka vijijini weka kile kikubwa kinachojitosheleza. Kosa 0x80070005 hutokea kwa sababu folda ya data ya WebView2 huundwa kando ya .exe, na ndani ya Program Files mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Ielekeze kwenye `%LOCALAPPDATA%`.

10. Umeme ulikatika, sasa programu haifunguki au data haionekani

Hapa nenda taratibu. Funga programu, hakikisha kwenye Task Manager haipo, kisha nakili folda yake yote iliyo ndani ya `%APPDATA%` kwenda kwenye flashi. Baada ya hapo tu ndipo uguse kitu.

Unaweza kufuta `Cache`, `Code Cache` na `GPUCache`. Injini itazitengeneza upya, na mara nyingi programu inafunguka. Usiguse `Local Storage`, `IndexedDB` wala faili la hifadhidata. Kama hifadhidata ni SQLite na inatumia WAL (faili la mabadiliko ambayo bado hayajaingizwa kwenye faili kuu), kando ya `stoo.db` kuna `stoo.db-wal` na `stoo.db-shm`. Wengi hufuta hilo la `-wal` wakidhani ni takataka, kumbe mauzo ya mwisho kabla ya umeme kukatika yanaweza kuwa humo tu. Faili zote tatu zinakwenda pamoja.

Fungua nakala, usifungue faili halisi, uendeshe `PRAGMA integrity_check;`. Jibu likiwa `ok`, hifadhidata ni nzima na tatizo liko kwenye dirisha au ukurasa. Rudi juu, dalili ya kwanza.

Jibu likiwa kingine chochote, acha. Usiendeshe `VACUUM`, usisakinishe upya, usimruhusu karani aendelee kuingiza mauzo kwenye mashine hiyo. Aandike kwenye daftari. Mpe mtaalamu wa hifadhidata nakala ya faili zote tatu, toleo la programu, na saa umeme ulipokatika. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, au Windows ikichukua dakika nyingi kufungua folda moja, zima mashine na uitoe kwa wanaookoa data kabla ya kujaribu nakala nyingine.